Rangi Ikikukataa: Pa Kuanzia Kutafuta Kosa

"Fundi, hii rangi imenikataa."

Malalamiko haya nayasikia kibandani kwangu Ngara karibu kila wiki, na sijibu neno kabla sijamtoa nje anayelalamika. Tunasimama mlangoni, upande wenye kivuli cha ukuta, namshikia kitambaa kile kile chini ya kidevu, na mara nyingi kesi inaishia hapo. Rangi haikumkataa. Balbu yangu ndiyo iliyomsingizia.

Miaka 19 ya kushona imenionyesha kwamba ngozi ndiyo hulaumiwa kwanza, na ndiyo yenye hatia mara chache zaidi. Mtu anajiambia "mimi ni mweusi mno kwa rangi hii" au "weupe wangu hauchukui manjano", anatundika nguo kabatini, na mwaka unaisha. Kumbe kuna washukiwa wengine wa kuhojiwa mapema: mwanga, jirani wa ile rangi, ukolezi wake, ung'aavu wa kitambaa, hata ukavu wa uso siku hiyo. Nimepanga mambo kwa dalili, jinsi wateja wanavyozitamka wenyewe. Tafuta yako, si lazima usome zote.

Vya kuandaa kabla ya kupima

Kioo kinachoonyesha kichwa na mabega. Mlango au dirisha penye mwanga wa nje, lakini si jua la moja kwa moja. Kitambaa cheupe pe cha kujizungushia mabegani ili blauzi uliyovaa isiingilie ushahidi, na kingine cha kufunika kichwa kama umesuka rasta za rangi au umevaa wigi. Uso uoshwe, upakwe mafuta, usitiwe poda.

Halafu vipande vya rangi, na viwe jozi jozi, kwa sababu jicho ni hodari wa kulinganisha lakini ni shahidi dhaifu likionyeshwa kitu kimoja pekee. Mimi hutumia nyeupe pe na rangi ya maziwa. Waridi kali na rangi ya papai lililoiva. Damu ya mzee na nyekundu ya tofali. Nili na feruzi. Kijivu na kaki. Kila fundi ana gunia la mabaki chini ya meza, mwombe vizuri atakupa. Akikunyima, maduka ya Biashara Street yanakata kwa mita, na nusu mita ya kila rangi inatosha.

Wakati wa kupima, macho yako yawe usoni. Kitambaa kizuri ni kama mtoto mtundu sebuleni, kitakuvuta ukitazame chenyewe. Usikubali. Tazama weusi ulio chini ya macho, mikunjo ya pembeni mwa mdomo, ukingo wa midomo, mstari wa taya na weupe wa macho. Rangi inayokubaliana nawe hulainisha vivuli hivyo na kuyafanya macho yaonekane safi. Isiyokubaliana nawe huvipiga vivuli wino.

"Dukani ilinipendeza, nyumbani naonekana kama nimetoka wodini"

Hapa mshukiwa wa kwanza ni mwanga, na Nairobi ina mianga ya kila aina ya hila. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, vibanda vingi vimefunikwa turubai, la buluu au la chungwa, na jua likipita humo kila kitu kilicho chini kinapakwa rangi hiyo, pamoja na uso wako. Huioni, kwa kuwa ubongo unajirekebisha: ukikaa chini ya turubai la buluu dakika mbili tatu, unaiondoa ile buluu kimyakimya na kukuachia makisio yake. Wanaowahi "kamera", yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza robota la mitumba likifunguliwa alfajiri, huchagua kwa tochi ya simu. Na kwenye maduka ya vioo vya sakafu hadi dari, chumba cha kujaribia nguo huwekwa balbu za manjano ambazo humfanya kila mtu aonekane kama ametoka likizo Diani. Balbu hizo huwa za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000. Mwanga wa mchana kivulini huanzia kwenye 6,500 hivi kwenda juu, yaani ni wa buluu zaidi kwa mbali. Nguo haikubadilika njiani kwenye matatu. Ulibadilishiwa taa.

Kuna hila ya pili, mbaya zaidi. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilitumwa uzi wa suti ya kijani iliyofifia. Nikaulinganisha na kitambaa dukani chini ya taa ya tyubu, vikafanana kama pacha. Suti ilipotoka juani mishono yote ikawa ya kahawia. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa dawa tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Ndiyo sababu sketi na koti ulivyonunua sehemu mbili vinaweza kuwa seti dukani na kugombana ofisini. Uzi ule ulinigharimu usiku mzima wa kufumua.

Jaribio ni rahisi: toka nje. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, au saa tisa hadi kumi na moja jioni, kivulini, uso ukielekea kwenye uwazi. Saa sita usijaribu. Tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linasimama karibu utosini na kutupa kivuli cha paji la uso ndani ya macho na cha pua juu ya mdomo. Hapo hata malaika angeonekana amekesha. Mwezi wa saba, watu wanapolalamikia mawingu, mimi hushangilia: wingu zito linatawanya mwanga sawasawa, na hakuna chumba cha kupimia kinachoshinda kibaraza siku hiyo.

Ila gauni la sherehe ya usiku lipime usiku. Likipendeza chini ya taa za ukumbi, jua lina ushahidi gani?

"Uso unapauka"

Hii ndiyo dalili inayoletwa na wengi, na ina vyanzo vinne. Vichunguze kwa mfuatano huu, maana cha kwanza hakigharimu kitu.

Cha kwanza ni ukavu. Ngozi kavu ina magamba madogo sana yanayotawanya mwanga, na juu ya ngozi nyeusi au ya maji ya kunde utawanyikaji huo unaonekana kama vumbi la kijivu. Hakuna rangi ya nguo itakayoliondoa. Msimu wa baridi, upepo mkavu na maji ya moto ya kuogea huleta kesi hizi kwa wingi. Paka mafuta, ngoja dakika 10, pima tena. Nina kopo la mafuta ya mgando mezani kando ya mkasi, na naapa limeokoa nguo nyingi kuliko cherehani yangu.

Cha pili ni ung'aavu wa kitambaa, jambo ambalo wachambuzi wa rangi hawalitaji sana kwa sababu wao hufanya kazi na vitambaa vya aina moja. Satini huakisi mwanga moja kwa moja hadi chini ya kidevu. Satini ya manjano inamwaga manjano tayani. Ya kijani inamwaga kijani, na kijani chini ya taya hakijawahi kumpendeza mtu. Geuza kitambaa, upande wa ndani usiong'aa uwe juu. Rangi ni ile ile. Uso ukitulia, basi kosa ni la mng'ao, rangi achana nayo, nunua hiyo hiyo kwa pamba.

Cha tatu ni ujirani, na hapa inabidi nikupeleke Paris. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins. Wafumaji walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi ni hafifu, hazina weusi wa kutosha, hasa zinapofumwa kando ya buluu na zambarau. Chevreul akazipima, akazilinganisha na nyeusi za karakana nyingine, hakuona kasoro. Dawa ilikuwa nzima. Jirani ndiye aliyekuwa akiinyonya. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja humsukuma mwenzake kuelekea kinyume chake. Kijani kibichi humsukuma jirani kwenye wekundu. Chungwa humsukuma kwenye ubuluu. Manjano makali humsukuma kwenye uzambarau. Kitambaa cheusi humfanya jirani aonekane mweupe zaidi, na cheupe humzidishia weusi.

Sasa weka uso wako mahali pa ule uzi. Kama midomo yako ina wekundu wa kiasi na mashavu yana chunusi, blauzi ya kijani cha majani mabichi itaziamsha zote. Kama chini ya macho pana weusi wenye uzambarau, manjano ya limau yataukoleza. Ngozi haina hatia na rangi haina hatia, ni kuwekwa nyumba moja tu. Tiba si kuitupa nguo. Weka mpatanishi: ukosi mweupe, leso shingoni, shanga nene, kitambaa cha kichwa. Sentimita 5 za rangi nyingine kati ya kidevu na blauzi zinatosha kukata lile vuta nikuvute.

Cha nne, na cha mwisho, ni rangi ya chini ya ngozi. Ngozi ya binadamu hupata rangi hasa kutokana na melanini, ambayo ipo ya aina mbili, moja ya kahawia hadi nyeusi na nyingine ya wekundu na umanjano, pamoja na damu inayopita chini yake na karotini kidogo inayotokana na chakula. Mchanganyiko hutofautiana kwa kila mtu, ndiyo maana dada wawili wenye weusi sawa, mmoja anang'aa kwa dhahabu na mwenzake ana ubuluu kama zabibu. Wa kwanza tunasema ana ngozi ya joto, wa pili ya baridi. Kwa jaribio hili jozi bora ni damu ya mzee na nyekundu ya tofali. Zote ni nyekundu, zote ni nzito. Tofauti yake ni kwamba damu ya mzee ina ubuluu ndani na tofali lina umanjano. Badilisha moja kwa nyingine haraka haraka, mara tano sita. Kama moja inaamsha uso na nyingine inaulaza, umepata jibu. Kama huoni tofauti, una ngozi ya katikati, na hilo ni jibu pia: joto na baridi si tatizo lako, nenda kwenye ukolezi.

Nasema ukolezi kwa sababu rangi ina vipimo vitatu, jinsi Mmarekani Albert Munsell alivyovipanga mwanzoni mwa karne ya 20: rangi yenyewe ni ipi, ni nyepesi au nzito kiasi gani, na imekolea au imefifia kiasi gani. Watu wa Nairobi tunabishana juu ya kipimo cha kwanza asubuhi hadi jioni. Kwa ninavyoona mimi, cha tatu ndicho kinachotuumiza. Kijivu cha vumbi, waridi lililokauka, kijani cha majani yaliyochemshwa: rangi hizi zilizotiwa majivu ndizo hupausha nyuso nyingi zinazoletwa kwangu, za joto na za baridi bila ubaguzi. Mteja anakuja amesema kijani kimemkataa. Nampa kijani hicho hicho kilichokolea, anacheka peke yake kiooni.

"Mishipa inasema hivi, bangili zinasema vile, simu inasema vingine"

Kipimo cha mishipa ya kifundo cha mkono kimesambaa kila mahali: ikiwa ya kijani wewe ni wa joto, ikiwa ya buluu wewe ni wa baridi. Damu ya mishipani ni nyekundu iliyoiva, si buluu wala kijani. Unachokiona ni jinsi ngozi inavyomeza na kutawanya mwanga kabla haujakurudia. Kwenye ngozi yenye melanini nyingi mishipa huonekana kwa shida, na ikionekana huelekea kijani hata kwa mwenye ngozi ya baridi kabisa. Kipimo hiki hakikutengenezwa kwa kutazama mikono yetu. Achana nacho.

Cha bangili ya fedha na ya dhahabu kina nafuu kidogo, ila bangili mpya inayometameta itaishinda iliyochakaa hata kama ni ya rangi isiyokufaa. Ukikitumia, zote ziwe na mng'ao sawa.

Programu za simu zina kasoro nyingine. Kamera ya simu hujaribu kusawazisha weupe yenyewe: ukijaza picha kwa kitambaa cha manjano inadhani taa ndiyo ya manjano, inapunguza, na uso wako unatoka wa kijivu. Halafu kuna ule ulainishaji wa kamera ya mbele unaong'arisha ngozi bila kukuuliza. Na hili la mashine kutotujua vizuri si la leo. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha mitambo kwa kadi ya picha ya mwanamke mzungu, ndiyo maana kwenye picha nyingi za wazee wetu meno na shati vinaonekana vizuri kuliko mwenye shati. Ukitaka kutumia simu, zima ulembo wote, tumia kamera ya nyuma, mtu mwingine apige, na ushike karatasi nyeupe kando ya shavu. Karatasi ikitoka ya manjano au ya buluu, hukumu ya picha hiyo ni batili.

Chanzo kingine cha kuchanganyikiwa ni majina ya majira. Mswisi Johannes Itten, mchoraji aliyefundisha katika shule ya Bauhaus kule Ujerumani kuanzia 1919, aligundua kwamba wanafunzi wakiachwa wachague rangi kwa hiari, mara nyingi huchagua zinazofanana na sura zao. Mawazo ya aina hiyo yakaja kuunganishwa na majira manne ya Ulaya, na miaka ya 1980 washauri wa mavazi Marekani wakayafanya biashara kubwa. Baadaye kila jira likagawanywa mara tatu yakawa 12, na siku hizi video za Korea Kusini zimeyarudisha kwenye simu za watoto wetu. Mfumo wenyewe si mgumu: machipuko ni joto, wepesi na ukolezi, kiangazi ni baridi, wepesi na kufifia, vuli ni joto, uzito na kufifia, kipupwe ni baridi, uzito na ukolezi.

Shida ni mbili. Kwanza majina hayasemi kitu hapa. Mwambie mtu wa Nairobi kwamba yeye ni "vuli", atafikiria mvua ya Novemba na maua ya zambarau ya mijakaranda yaliyotapakaa barabarani, wakati aliyebuni jina alikusudia majani yaliyokauka ya kahawia. Kipupwe chetu ni ukungu wa Limuru, wao wanamaanisha nyeusi na nyeupe kali. Pili, mifumo ya zamani iliwarundika karibu watu weusi wote kwenye kipupwe kwa kuangalia uzito wa ngozi tu, kana kwamba Mturkana na Mtaita na Msomali walipakwa kutoka debe moja. Kwa hiyo ukiambiwa jira lako, usilibebe jina. Muulize aliyekupima maswali matatu: joto au baridi? Nyepesi au nzito? Iliyokolea au iliyofifia? Akishindwa kukujibu moja, hakukupima.

"Mimi ni mweusi ti, nimeambiwa nisiguse rangi nyepesi"

Nani alikuambia? Machi 2014 Lupita Nyong'o alipanda jukwaani kupokea tuzo ya Oscar akiwa na gauni la samawati nyepesi kabisa, na mwenyewe alisema buluu ile ilimkumbusha Nairobi. Hakuna aliyemwona amepauka. Gauni lilikuwa jepesi lakini safi, halikuwa na majivu. Hapo ndipo penye kosa la wengi: wanachanganya wepesi na kufifia. Limau, samawati safi, waridi la ua bichi, nyeupe pe, hivi kwa mweusi ti ni kama taa sebuleni. Kinachompausha ni rangi ya ngozi ya mzungu inayouzwa kwa jina la "rangi ya mwili", na kijivu kilichochoka.

Wa maji ya kunde hukutwa na kinyume chake. Kaki, haradali iliyofifia na kahawia nyepesi zina uzito ule ule wa uso wake, kwa hiyo kwa mbali haijulikani blauzi imeishia wapi na shingo imeanzia wapi. Apande au ashuke ngazi mbili. Asibaki pale pale.

"Wanasifu nguo, mimi hawanioni"

Nguo imekutangulia mlangoni. Hili ni suala la tofauti kati ya kilicho kizito na kilicho chepesi usoni mwako. Piga picha ya uso, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama nywele, ngozi, macho na midomo vimeachana waziwazi, unabeba nguo zenye ugomvi mkali, nyeusi na nyeupe, mistari minene, kitenge chenye maua kama sahani. Kama vyote vimekaribiana, nguo hizo zitakumeza. Chukua michoro midogo yenye rangi zinazokaribiana. Wigi hubadilisha hesabu yote. Mteja wangu mmoja alibadilisha nywele nyeusi akaweka za rangi ya asali, na ghafla nguo zake zote "zikaharibika".

Kitenge kina mtego wake. Mchoro mdogo wa chungwa na buluu ni mtamu mkononi, lakini ukirudi hatua sita jicho linaacha kuutenganisha, linachanganya, na unachopata ni kahawia la matope. Watu watakuona kutoka umbali huo, si kutoka kwenye kiganja. Mwombe muuzaji akitundike, uvuke upande wa pili wa njia, ndipo uulize bei.

"Mwaka jana ilinikubali"

Aidha nguo imebadilika au umebadilika wewe. Nguo nyeupe mpya hutiwa kemikali inayogeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa buluu, ndiyo maana inang'aa kuliko nyeupe ya kawaida. Hutoka kwa kufuliwa, na shati lako la weupe wa baridi linageuka polepole kuwa rangi ya maziwa. Sabuni nyingi za unga zina kemikali hiyo na huirudisha, na bluu ya kufulia waliyotumia mama zetu ilifanya kazi inayofanana. Nyeusi iliyoanikwa juani miezi sita inakuwa kutu. Pindua nguo, linganisha na kitambaa kilichofichwa ndani ya pindo, pindo halidanganyi.

Wewe nawe unabadilika. Mvi zinaingia na kupoza uso. Kazi ya kutembea juani inaupiga uso huku kifua kikibaki cheupe. Pima rangi kwa kifua na shingo pamoja, si kwa uso peke yake. Na anayejichubua atapata uso wa rangi moja, masikio ya nyingine na viungo vya vidole vya tatu, wala hakuna kitambaa kitakachowapatanisha hao. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, na zebaki inaua figo. Hilo nalisema mara moja kisha napima kiuno.

"Kila rangi imenikataa, hata niliyozaliwa nayo"

Hapa weka vitambaa chini. Vuta kope la chini mbele ya kioo: likiwa limepauka badala ya kuwa jekundu, na viganja pia, huenda damu imepungua. Weupe wa macho ukiwa wa manjano, usingoje hata kesho. Viganja vya manjano na macho meupe safi huweza kuwa karoti na mapapai mengi tu, lakini mwache daktari aseme hivyo. Nimewahi kumrudishia mteja kitambaa chake bila kukikata nikamwambia aanzie hospitali.

"Sikuchagua, ni kamati"

Sare ya kwaya, sare ya kazini, nguo za harusi. Kama rangi ni mbaya kwako na huna kura, kazi yako ni kuisogeza mbali na uso. Shingo ya V badala ya ya duara, ukosi wa rangi nyingine kama wanaruhusu, hereni kubwa, midomo iliyopakwa rangi iliyokolea. Sketi haina madhara yoyote; rangi ya kiunoni haifiki kidevuni.

Kama wewe ndiye kamati, nisikilize. Nilishona magauni sita ya wasimamizi wa harusi, rangi ya pichi, iliyochaguliwa usiku chini ya balbu ya sebuleni. Bibi harusi alipendeza nayo, ila yeye hakuwa wa kuivaa. Asubuhi ya harusi, kwenye nyasi za kanisa, wawili waling'aa, mmoja alikuwa hivi hivi, na watatu walionekana kama wamelala msibani. Nilisimama nyuma ya gari nikijifanya natafuta sindano. Tangu hapo kwa kundi lenye ngozi mbalimbali sikubali rangi nyepesi yenye majivu. Natafuta ya uzito wa kati na iliyokolea: feruzi ya kina, damu ya mzee, zambarau ya bilinganya, kijani cha zumaridi. Hizi huwabeba weusi ti na maji ya kunde kwenye picha moja. Kama kuna ubishi kati ya joto na baridi, feruzi ndiyo hakimu, imekaa katikati ya kijani na buluu na haimuudhi mtu sana. Wakitaka pichi kwa nguvu, naikubali kiunoni: mshipi, ua, bitana ya koti.

Ile pichi iliyobaki, karibu mita mbili, bado ninayo guniani. Mteja akiniambia rangi zote humkubali, ndiyo ninayoitoa kwanza.